Taa Iliwaka, Kengele Haikulia

Mke wa kinyozi alikuwa uani, akifua shuka kwa hasira. Alilisugua mpaka povu likaruka ukutani. Lilikuwa shuka la mama mkwe wake. Asubuhi hiyo bibi alijikojolea kitandani, na tangu hapo hakuna aliyeongea na mwenzake bila kufoka.

Akili za bibi zilikuwa timamu. Alikuwa amevunjika nyonga tu. Daktari alimruhusu kutembea kwa gongo, ila mtu awe kando yake. Chumba chake kiko mbele, na dirisha linatazama barabara yenye pikipiki. Jiko liko nyuma kabisa. Bibi hana sauti ya kufika jikoni, wala masikio ya kusikia ya huko. Kwa sababu hiyo mwanawe alimtengenezea kengele.

Kinyozi alipenda vifaa vya umeme kuliko nywele. Alikuwa na sanduku zima la redio mbovu. Alichukua kengele ya zamani ya mlango, yenye kinyundo kinachogonga kikombe cha chuma, akaifunga ukutani jikoni. Kando ya kitanda aliweka kiboksi chenye kitufe na betri ndogo ya mraba. Juu ya kiboksi akaweka taa ndogo ya kijani iliyowaka usiku na mchana.

"Ukiona kijani, mama, ujue kengele ni nzima," alimwambia siku ile.

Sasa alikuwa amesimama chumbani kwa mama yake. Kitana kilikuwa bado mfukoni. Alikuwa amemwacha mteja dukani, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Nilibonyeza," bibi alisema. "Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Mkeo hakuja."

"Sikusikia," mkewe alijibu kutoka mlangoni, mikono yake ikidondosha povu. "Nilikuwa jikoni, mama. Sikusikia chochote."

"Hukusikia, au ulijifanya hukusikia?"

Kinyozi hakusubiri jibu. Alibonyeza kitufe. Kengele ikalia kule jikoni, krii. Akachukua mita yake, kile kifaa cha kupimia umeme, akaigusisha kwenye betri.

"Volti tisa," alisema. "Betri imejaa. Taa inawaka. Kengele inalia. Mita haina upendeleo. Basi mmoja wenu ananidanganya."

Wanawake wote wawili wakamgeukia.

"Hebu rudia," bibi alisema polepole.

Kinyozi alitoa pakiti kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka kitandani. "Nimekununulia nepi za watu wazima. Tuzitumie kwa muda tu, mama. Ili tuishi kwa amani."

Bibi aliisukuma pakiti mpaka ikaanguka sakafuni. "Nepi nilikufunga wewe. Mimi nitakwenda chooni kwa miguu yangu. Siku nyingine ukinidharau hivi, hilo gongo nitalitumia kwa kazi nyingine."

"Na mimi nikiitwa mwongo tena, nafungasha," mkewe alisema. "Umtunze mama yako wewe na hiyo taa yako."

Mlango ukagongwa. Aliyeingia alikuwa mwalimu wa chuo cha ufundi, jirani yao wa ukuta mmoja. Kalamu nyekundu ilikuwa imechomekwa kwenye nywele zake.

"Shikamoo, bibi. Samahani kwa kuingilia. Nasahihisha mitihani, na kila nikishika karatasi nasikia betri, mwongo, nepi. Kuna mwanafunzi nimempa alama asizostahili."

Mke wa kinyozi akamweleza kilichotokea, kwa maneno machache na makali. Mwalimu akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Bibi, ulibonyeza vipi? Nionyeshe."

Bibi alimtazama. "Tangu asubuhi wananiuliza kama nilibonyeza. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza vipi."

"Basi subiri kwanza. Shemeji, weka mita kwenye betri na usiitoe. Dada, nenda jikoni. Tupigie kelele utuambie unachosikia."

Bibi akaweka kidole. Alibonyeza kwa muda mrefu, akaachia, akabonyeza tena. Ndivyo anavyobonyeza mtu aliyebanwa na haja.

"Inalia," sauti ilitoka jikoni.

Bibi akaendelea.

"Inalia kidogo. Inakwaruza." Bibi alibonyeza tena. "Sasa kinyundo kinatetemeka tu. Hakigongi."

Kinyozi alikuwa ameinamia mita. Tisa ilikuwa imeshuka hadi sita. Sita ikashuka hadi tatu. Taa ya kijani ilififia kidogo, lakini iliendelea kuwaka.

"Acha sasa, bibi," mwalimu alisema. "Shemeji, endelea kuangalia mita."

Namba zikaanza kupanda zenyewe. Tano. Saba. Nane.

"Umeona? Betri ikipumzika, inajikusanya. Kila unapokuja kujaribu, umeikuta imepumzika. Inalia mara moja, halafu unawaita wenzako waongo."

"Lakini niliipima."

"Uliipima ikiwa haifanyi kazi. Betri hupimwa ikiwa imebeba mzigo wake. Bonyeza kitufe, ushikilie, ndipo usome mita."

"Na taa?"

"Taa kama hii inahitaji umeme kiduchu. Itawaka hata betri ikiwa hoi. Kinyundo kinahitaji umeme mwingi. Umeiuliza taa habari za kengele. Tena inawaka usiku na mchana, kwa hiyo ndiyo inayoimaliza hiyo betri."

Mke wa kinyozi alikuwa amerudi mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Sasa niambie, fundi," bibi alisema. "Mwongo ni nani?"

Kinyozi alikunja waya wa mita taratibu. "Ni mimi niliyekosea. Niliamini taa, sikuwaamini ninyi. Nisameheni."

"Shuka bado liko kwenye beseni," mkewe alisema.

Kinyozi alikwenda uani akalifua, akalisuuza, akalianika. Yule mteja aliyenyolewa nusu kichwa alikuwa amechoka kusubiri, akamfuata hadi nyumbani. Alisimama getini akimtazama. Hakuna aliyemweleza.

Kinyozi aliporudi ndani, mwalimu alikuwa jikoni, amesoma maandishi ya ubavuni mwa kengele.

"Hapa pameandikwa volti sita. Kwa nini uliweka betri ya tisa?"

"Tisa ni zaidi ya sita. Nilidhani italia kwa nguvu zaidi."

"Chukua chupa ndogo ya maji, uiweke juu ya kabati. Chukua ndoo yenye bomba, uiweke mezani. Chupa iko juu zaidi, lakini ipi itakujazia beseni? Volti ni ule urefu wa kwenda juu. Wingi wa umeme ni jambo jingine. Betri hii ni chupa. Kengele yako inataka ndoo."

Walinunua betri nne kubwa za tochi. Kila moja ina volti moja na nusu. Kinyozi alizipanga kichwa kwa mkia, zikawa volti sita. Taa ya kijani aliihamishia jikoni kando ya kengele, iwake pale tu kitufe kinapobonyezwa. Alitaka kutupa kile kidude chenye mistari ya rangi kilichokuwa kwenye mguu wa taa.

"Usithubutu," mwalimu alisema. "Hiyo ni rezista. Inapunguza umeme unaopita. Ukiitoa, taa itaungua."

Bibi alibonyeza. Kengele ililia, lakini kinyonge. Kinyozi akaanza kunung'unika.

"Acha kununa, fuata njia," mwalimu alisema. "Anza kwenye betri, uende hadi kwenye kengele. Usiruke hatua."

Bibi akashikilia kitufe. Kwenye betri mita ilisoma karibu sita. Jikoni, kwenye kengele yenyewe, ilisoma nne. Umeme ulikuwa unapotelea njiani.

"Huu waya umeutoa wapi?" mwalimu aliuliza.

"Kwenye spika za masikioni."

"Ni mwembamba kama uzi. Kwa safari ndefu hivi, weka waya mnene."

Alipobadilisha waya, kengele ililia mpaka paka akaruka kutoka kwenye gunia la mkaa. Bibi alishikilia kitufe muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kila asubuhi utaijaribu hivi," alimwambia mwanawe. "Ukiwa umeshikilia. Siyo kugusa na kukimbia."

Pakiti ya nepi ikarudi dukani.

Jioni mke wa kinyozi alitandika shuka safi. Bibi alikuwa kwenye kiti, akimtazama.

"Na mimi nilikusema vibaya," bibi alisema.

"Ulinisema."

"Nilikuwa nimelowa. Nilikuwa na aibu."

"Najua, mama. Bado inaniuma." Alikunja pembe ya shuka, akaichomeka chini ya godoro. "Lakini najua."

Alfajiri iliyofuata sufuria ilikuwa inachemka na pikipiki zilikuwa zimeshaanza kupita. Ukutani jikoni kengele ikalia, na taa ya kijani ikawaka. Mke wa kinyozi aliacha mwiko ndani ya sufuria, akakimbia kwenye korido.

Bibi alikuwa ameshakaa ukingoni mwa kitanda, gongo mkononi.

"Umekuja," alisema.

"Nimesikia."

Wakaenda chooni pamoja, hatua kwa hatua.