Futa Sura Yake

Atong alikuwa anapiga picha ya tatu katikati ya soko la Malakia, Juba, wakati mkono ulipoudaka mkanda wa kamera na kumvuta nyuma. Mwenye mkono alikuwa bwana wa miraba minne, miwani myeusi, hana sare wala hajajitambulisha. Akauliza kwa Kiarabu ni nani aliyempa ruhusa. Atong ni wa hapa kwa asili, lakini alilelewa Nakuru, Kenya. Kiarabu chake kilimtosha kununulia nyanya tu. Na kibali cha gazeti, ole wake, alikuwa amekisahau ofisini juu ya meza.

"Mimi ndiyo nimemwita," sauti ikasema kwa Kiswahili, kisha ikamgeukia yule bwana kwa Kiarabu laini.

Alikuwa fundi simu, kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, bisibisi imekaa nyuma ya sikio. Alieleza kwamba dada huyu anapiga picha za kibanda chake, za tangazo. Yule bwana akakitazama kibanda, akamtazama Atong na blauzi yake nyekundu, akauachia mkanda.

"Sasa piga kweli," fundi akanong'ona. "Bado anaangalia."

Atong akapiga.

"Hicho Kiswahili umekiokota wapi?"

"Arua, Uganda. Mimi iko huko miaka sita. Kwani mbaya?"

"Si kibaya. Kinachekesha."

"Basi cheka. Lakini acha namba."

Akaiacha. Jina lake fundi ni Puok, na miezi mitatu iliyofuata sitawachosha nayo, mnajua wapendanao walivyo. Simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, habibti?"

"Nimekula vumbi la barabara nzima."

"Njoo nikuoshe na soda."

"Soda gani, na kibanda chako hakina hata kiti?"

"Kiti iko. Ni mimi tu nakalia."

Lakini Puok alikuwa na siri. Dada yake, Nyachangkuoth, wa miaka kumi na saba, alikuwa amejificha katika kambi ya wakimbizi ya Mangateen, akiuza chai. Baba yao mdogo, mzee Gatluak, alikuwa amemposesha kwa mwanamume mzee wa rika lake mwenyewe, na sasa alikuwa Juba akimsaka. Watu wote waliambiwa binti yuko Khartoum. Puok alimwapia dada yake kwamba hatamwambia mtu, na hata Atong hakumwambia. Hapo ndipo alipokosea, na mimi simtetei.

Atong naye alikuwa kwenye majaribio gazetini. Mhariri wake, Aidah, mama wa Juba asiyecheka ovyo, alimwambia wazi: lete picha ya ukurasa wa mbele kabla ya mwezi kwisha, au uage. Jumanne mvua ikaifurisha Mangateen. Atong akaingia kwenye matope hadi magotini, akamkuta msichana amesimama katikati ya maji, birika kichwani, amejifunga begani lawa ya njano, ile shuka ya wanawake wa huko, yenye ndege mweusi aliyedariziwa kwa mkono. Akapiga. Hata kabla ya kutazama alijua hiyo ndiyo.

Akamtumia Puok. "Ona! Kesho ukurasa wa mbele."

Simu ikalia papo hapo.

"Atong, umepeleka hii kwa gazeti?"

"Napeleka sasa. Si ni nzuri?"

"Nakuomba. Futa sura yake."

"Kwa nini?"

"Usiulize. Watu wabaya iko. Futa sura yake kabisa, Atong, mimi napiga magoti."

"Sawa, mpenzi. Nafuta. Usijali."

Mtandao ukakatika. Atong akaketi kwenye kompyuta, akaufuta uso wa yule msichana mpaka ukabaki ukungu mtupu. Pua haipo, macho hayapo. Akaridhika kwamba amemsikiliza mpenzi wake na kazi pia ameifanya.

Gazeti likatoka Jumatano. Saa mbili asubuhi Puok akapiga.

"Umenidanganya."

"Nimefanya nini?"

"Huyo ni dada yangu. Hiyo lawa marehemu mama yetu ameshona. Baba mdogo Gatluak anataka kumwoza kwa nguvu. Ameiona, iko njiani. Nilikuomba, ukasema sawa, ukatafuta ukubwa na damu ya dada yangu. Usinipigie tena."

Akakata. Atong akapiga mara sita, simu imezimwa. Akaingia kwa Aidah akilia bila aibu.

"Nilifuta sura, Aidah! Puok alisema futa sura, nikafuta!"

Aidah akamtazama kwa huruma asiyoizoea. "Puok amekulia kwa Kiarabu. Kwetu sura ni picha. Picha nzima. Alikuambia usiitoe."

Siku zote Puok alisema "picha" kwa ajili yake. Hofu ilipomshika, lugha ya nyumbani ndiyo ilimtoka. Atong hakungoja ruhusa. Alidaka pikipiki, akamwambia dereva Mangateen, na asimame popote ila mbele ya kambi.

Alifika wakati mzee Gatluak anapita kibanda hadi kibanda, gazeti mkononi, vijana wawili nyuma yake. Safu mbili mbele, nyuma ya turubai la bluu, Atong aliona shati jeupe la Puok na mkono wake ukifunga mzigo haraka. Dakika tano zingemtosha Gatluak.

Atong akamwendea mzee moja kwa moja.

"Habari ya asubuhi, mzee. Hiyo picha ni yangu. Jina ni hilo hapo chini." Akaonyesha kitambulisho.

Gatluak aliwahi kukaa Kakuma, Kiswahili alikijua. "Msichana yuko wapi?"

"Gumbo, ng'ambo ya daraja. Ofisini walikosea wakaandika Mangateen. Nimekuja kuwaomba radhi watu wa hapa."

Uongo. Na mpiga picha wa habari akishadanganya mahali pa picha yake, amejikata mkono mwenyewe.

Mzee akamkazia macho. "Wewe mtoto wa nani?"

Atong aliogopa, lakini jina la kubuni lisingelingana na kitambulisho. Akataja jina la baba yake, na la babu yake. Sasa Gatluak alijua pa kumtafuta akigundua. Akalikunja gazeti, akawaashiria vijana, wakaondoka.

Nyuma ya turubai Puok alikuwa amesikia kila neno.

"Kwetu sura ni uso," Atong akasema. "Nikaufuta uso."

Puok akafumba macho. "Mimi nimekuita mwongo."

"Uliniita. Na ungeniambia ni dada yako, ningeichoma."

"Nisamehe, Atong."

"Nimekusamehe. Hasira bado ninayo."

"Mtagombana njiani," Nyachangkuoth akasema, mzigo kichwani. "Yule mzee atafika Gumbo na gari, si kwa miguu."

Atong akamshika mkono. "Nenda Nakuru, kwa mama yangu. Puok akupeleke. Basi la kwenda mpakani Nimule halijaondoka."

Mchana huo alimweleza Aidah yote. Aidah akamwongezea miezi mitatu ya majaribio, na akasema ni huruma hiyo.

Ijumaa Atong alikuwa mtaa wa Buluk, amepanga foleni ya vibali na wapiga picha wengine, simu ikatetemeka mfukoni.

"Tumefika," Puok alinong'ona. "Nyachangkuoth iko jikoni, anakata sukuma."

"Na mama?"

"Ameuliza kwetu ni wapi. Nimesema Bentiu. Akaiweka sufuria chini."

Atong akashusha kamera. Vita vya mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu vilimchukulia mama yake kaka wa pekee, na watu wa Bentiu walikuwa upande wa pili wa vita hivyo.

"Sasa anauliza mimi ni nani wako. Amesimama hapa, anangoja. Niseme nini?"

"Weka sauti kubwa," Atong akasema. "Mama, unanisikia? Huyo ndiye atakayenioa."

"Atong," Puok akasema taratibu, "mimi sijaomba bado."

"Utaomba ukirudi. Mama?"

Wapiga picha wakasogea, foleni ikampita, naye hakusogea. Kisha akasikia maji yakimiminwa kwenye beseni, na sauti ya mama yake, nzito, haina haraka.

"Haya. Nawa mikono."