Alama Nyeupe Uani

Jua lilikuwa linazama, na Dada Chokaa alikuwa amebakiza fomu moja tu ya ridhaa kuichukua. Jina hilo alipewa na watoto wa mtaa, kwa sababu kila alipopita aliacha duara jeupe katikati ya ua. Kazi yake ilikuwa kuwashawishi watu wakubali kuletewa vifurushi na droni za kampuni. Mtu akikubali, yeye anamwaga chokaa, droni ijue pa kushushia mzigo.

Mwanzoni walimcheka. Walimuuliza huo si ungo huo, na rubani wake anaruka na nguo au bila nguo? Alicheka nao, akawaeleza jinsi dawa ya mgonjwa itakavyofika kwa dakika kumi, na mmoja mmoja wakalegea. Hata kwake alichora, tena duara la kwanza kabisa, la kujifunzia, nyuma ya jikoni.

Fomu ile ilikuwa kwa fundi cherehani, mteja wake wa mwanzo na mpiga debe wake mkubwa. Alipiga hodi. Hakuna aliyeitika. Cherehani ilikuwa kimya, lakini uani kulisikika jembe.

Kwaru... kwaru...

Fundi alikuwa amepiga magoti, anakwangua lile duara. Alikuwa ameshachimba shimo la kufika kiwikoni. Weupe ulikuwa bado unaonekana, kule chini.

Dada Chokaa alimuuliza kulikoni. Fundi alijibu bila kuinua kichwa. Jana, saa kama hii, mwanawe alikuwa peke yake uani, naye fundi akimwona kupitia dirishani. Kitu kikasimama juu ya paa, hakiungurumi, hakina taa, kikateremsha boksi kwa kamba. Mtoto akalipokea kwa furaha. Ndani hamkuwa na kitu, ila harufu ya udongo mbichi. Akapiga miayo, akaingia kulala.

"Hajaamka," fundi alinong'ona. "Anapumua. Macho yako wazi. Ila hajaamka."

 Dada Chokaa alitoa simu, akampigia mpanga safari wa kampuni, akamuuliza ni droni gani iliyotumwa mtaa huu jana. Yule bwana akacheka.

"Jana? Dada yangu, droni zote bado zimo kwenye makasha. Tunaanza Jumatatu."

Ndipo fundi akainua uso.

"Ulituambia alama ni ya droni zenu," alisema. "Hukutuambia nani mwingine anaiona kutoka juu."

Dada Chokaa alikumbuka nyuma ya jikoni kwake. Akamkumbuka binti yake wa miaka saba, ambaye saa hizi huwa anaanua nguo kwenye kamba, palepale penye duara. Hakuaga. Alitupa fomu zote chini, akatoka mbio, kandambili moja ikabaki njiani.

Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Binti yake alikuwa amekaa kizingitini, nguo zimekunjwa vizuri pembeni. Mama alimkumbatia kwa nguvu, machozi yakamtoka kwa kumkuta mzima.

Kisha akaisikia ile harufu.

"Mama, mzigo wako umefika," mtoto alisema. "Kiliuliza kama tunakubali."

"Kipi kiliuliza? Ukasemaje, mwanangu?"

Mtoto alimtazama kwa mshangao.

"Si wewe kila siku unawaambia watu wakubali? Nikasema tunakubali."

Akapiga miayo, taratibu, akamlalia mama yake begani. Dada Chokaa alimtikisa, akamwita, akambembeleza asilale, amsimulie kwanza habari za shule. Mtoto hakuitika. Macho yalibaki wazi.

Uani, juu ya duara jeupe, kamba tupu ilikuwa inapanda polepole kuelekea gizani.