Kila Mtu Alimpigia Ntare

Ndugu zangu, kaeni vizuri niwaambie jambo la mtaani kwetu Masaka, maana nikilinyamazia litanikaa kooni. Mimi ni Flaviana, mtu wa Karagwe niliyehamia Kigali. Nauza chapati na chai pale njia panda ya kushukia bondeni, na kibanda changu kimepakana ukuta na nyumba ya Ntare. Sisemi ya kusikia.

Jumapili moja watu wametoka kanisani, jua limetulia, mtaa mzima kimya. Winifred, mke wa Ntare, mtu wa Kabale kule Uganda, alikuwa amepika ndizi na maharage, akaongeza isombe, yaani kisamvu, akatandika mkeka uani. Watoto wamekaa. Ntare ananawa mikono. Mimi upande wangu nanusa tu na kumeza mate. Hapo simu ya Ntare ikalia.

"Usipokee," Winifred alisema kwa upole.

Akapokea. Bondeni kulikuwa na mama ameshikwa na uchungu, na gari la wagonjwa likija kwetu huishia juu kwenye lami, kwa kuwa njia ya chini ni ngazi za udongo na utelezi mtupu. Ntare akavaa kizibao chake cha rangi ya chungwa, akabeba machela, akaondoka mikono ingali na maji. Winifred akafunika sahani ya mumewe kwa sahani nyingine, akawaambia watoto wale.

Tuelewane kuhusu hicho kizibao. Zamani kidogo mudugudu wetu, yaani mtaa wetu na uongozi wake, uliunda kikosi cha kujitolea wakati wa dharura. Walifundishwa kufunga majeraha, kubeba mgonjwa, kuzima moto mdogo. Siku ya kuwatambulisha tulipiga makofi mpaka viganja vikauma, halafu tukaenda zetu nyumbani. Mmoja akapata kazi Nyabugogo, mwingine akaoa akahama, wengine wakachoka kimyakimya. Wakabaki wawili: Ntare, mwendesha pikipiki ya abiria, na Mutoni, binti fundi cherehani wa sokoni Kimironko. Kikosi kiliyeyuka, lakini namba ya Ntare ilibaki imeandikwa kwa mkaa kwenye kuta za majiko yetu.

Na mnadhani walimpigia kwa ajali tu? Thubutu. Mbuzi kaingia shimoni, Ntare. Nyuki wamevamia choo, Ntare. Kuna mama mmoja, simtaji, anajijua, alimwita aje amshushie paka juu ya mparachichi. Huku nyuma abiria wake wanapanda pikipiki za wenzake, nyanya zake zinamezwa na magugu, na mashuka ya ndani yamechanwa kuwafunga watu majeraha. Ukiwauliza majirani wanakujibu bila hata kupepesa macho, "Huyo analipwa na mradi." Mradi gani? Hakuna aliyejua.

Winifred alimfuata Bayingana, kiongozi wa mudugudu, mtu mcheshi mwenye kitambi cha heshima, akamwomba suala la wanaojitolea lizungumzwe kikaoni.

"Mama, mtu ya kujitolea hana ajenda," Bayingana akamjibu. "Akiwa na ajenda, hajitolei tena."

Waliokuwapo wakacheka. Winifred hakucheka. Jioni ile nilimsikia ukutani, na msiniulize kwa nini nilikuwa nimesimama ukutani.

"Ntare, mimi sikuolewa na mtaa," alisema. "Jumamosi ya umuganda, kikao kikianza, unarudisha kizibao kwa Bayingana mbele ya watu. Usiporudisha, mimi nachukua watoto narudi kwetu Kabale."

Ntare akauliza, "Na watu wa bondeni watabebwa na nani?"

"Hiyo ni swali ya mudugudu. Si ya kitanda yangu."

Akakubali. Kesho yake hata chai aliinywa kama dawa. Habari ilienea mtaa mzima, na mnajua watu walisema nini? "Atapatikana mwingine." Wakaendelea na mambo yao. Mimi nilitamani kuwazaba vibao, lakini hao ndio wateja wangu.

Ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo kila nyumba hutoa watu wa kufanya kazi ya pamoja kabla ya kikao. Tulikuwa tunazibua mtaro mkubwa unaoshuka bondeni. Majembe, nyimbo, utani. Wale wa nyumba mpya zenye mageti walikuja na mabuti yanayong'aa kama yametoka dukani asubuhi hiyo. Ntare alichimba bila kusema neno, kizibao kimekunjwa ndani ya mfuko wa kitambaa, tayari kukabidhiwa.

Mara mtu akapaza sauti kutoka chini: mzee mmoja amelala pembeni ya njia, hajitikisi. Ntare akatupa jembe, akakimbia, akaruka mtaro. Udongo ulikuwa umelowa. Mguu mmoja ukafika ng'ambo, mwingine ukabaki, na mtu wetu akatumbukia mtaroni kwa kishindo. Wenzangu, nilisikia mfupa ukivunjika. Yule mzee aliyelala, kumbe alikuwa amepumzika tu, akainuka na kuuliza kuna nini.

Sasa sikilizeni. Umati mzima ulisimama juu ya mtaro, watu wazima na akili zao, na kila mmoja akatoa simu mfukoni. Mimi nilikuwa nimeishiwa vocha, namshukuru Mungu, la sivyo aibu ingekuwa yangu pia. Kule chini mtaroni simu ikaanza kulia. Ikakatika, ikalia tena. Ntare, uso umejaa matope na maumivu, akaingiza mkono mfukoni kwa shida akapokea.

"Ntare, njoo haraka," ilikuwa sauti ya Bayingana. "Iko mtu ameanguka kwa mtaro."

"Najua," Ntare akasema. "Ni mimi."

Kisha mtu mmoja akaguna, mwingine akashika kichwa, na kicheko kikatutoka, kile kicheko cha mtu aliyekamatwa mkono ukiwa ndani ya sufuria. Hata Ntare alicheka, akalia, akacheka tena.

Winifred alikuwa ameshashuka mtaroni. Alimshika mumewe kichwa, machozi yanamtiririka, kisha akatuangalia sisi tulio juu.

"Bayingana, piga namba ya gari la wagonjwa, lingoje kwenye lami. Flaviana, machela iko chini ya kitanda yangu, kimbia. Wewe, wewe na wewe, shukeni huku."

Nilikimbia na unene wangu huu. Mutoni akaufunga mguu kwa mipini miwili ya majembe na kanga yangu, nzuri kweli, mpya, sikusema kitu. Halafu ndipo tulipogundua kwamba katika mtaa mzima hakuna anayejua kubeba machela. Waliomshika mbele walienda kasi, wa nyuma taratibu. Ntare akalazimika kutuongoza akiwa amelala chali.

"Mguu wa kushoto pamoja. Msikimbie. Bayingana, inua, nateremka mimi."

"Mana yanjye, Mungu wangu," Bayingana akahema, jasho linamtoka hadi kwenye kitambi. "Hivi ndiyo unafanyaga kila siku?"

"Kila siku tuko wawili," Ntare akajibu.

Tulibadilishana mabega mpaka juu. Wengine walishika vibaya, wengine waliteleza, lakini hakuna aliyemwachia. Gari lilipoondoka naye pamoja na Mutoni, watu walibaki lamini wakijisugua mabega na kutazamana. Winifred alitaka kupanda, kisha akasita. "Mwambie nakuja," alimwambia Mutoni. "Kikao kwanza."

Kikao kilifanyika hapohapo, watu wamekaa kwenye nyasi na matope yao. Bayingana aliuliza kama kuna mwenye jambo. Winifred akasimama. Wote tulijua amesimama kurudisha kizibao, na safari hii hakuna aliyesema atapatikana mwingine. Nilimwona Bayingana akitazama chini.

Winifred alianza, na sauti yake ikatetemeka vibaya.

"Kwetu Kabale kuna milima kuliko hapa. Machela kule si ya mtu, ni ya nyumba zote. Mgonjwa akipatikana, filimbi inalia, kila nyumba inatoa bega. Asiyetoka anawapelekea uji waliobeba, na anapeleka mwenyewe, wamwone uso. Na waliobeba wakirudi, wanakuta shamba yao imelimwa." Akatutazama mmoja mmoja. "Mimi sitaki mshahara ya mume wangu. Nataka wenzake. Nataka fundisho kwa kila nyumba. Na kila kikao, hawa watu wasemewe kwanza, si mwisho watu wakiwa wanatafuta viatu."

"Na nani atawasemea?" Bayingana akauliza, kwa upole kabisa, bila utani.

"Mimi," Winifred akasema. "Kama ninyi mtatoa mabega, Ntare anabaki kwa kikosi. Kama hamtoi, tunaenda Kabale leo na mguu yake hivyohivyo."

Bayingana akainua mkono wake kwanza. Kisha wale wa mageti. Kisha sote, na mwenye paka akainua yote miwili.

Leo hii filimbi ziko katika pembe nne za mtaa, na Mutoni hufundisha kundi jipya kila baada ya umuganda. Nyanya za Ntare zilipaliliwa na watu ambao hawajawahi kupalilia hata tuta moja, wakang'oa na miche mitatu, Winifred akawasamehe. Ntare mwenyewe alikaa nyumbani na plasta yake, akila chakula cha moto na kulalamika kwamba hakuna anayemwita. Mama yangu, kanenepa. Siku filimbi ilipolia na watu kumi wakapita mbio mbele ya kibanda changu, alitoka na magongo yake kuwatazama, akaniambia, "Wanakimbia vibaya." Lakini macho yake yalikuwa yamelowa kwa furaha, na nikampa chapati ya bure.

Funzo

Anayejitolea si mtu asiyehitaji kitu. Ana mke au mume, ana shamba, ana mgongo unaouma. Mtaa unaomtegemea mtu mmoja haujajipanga kwa dharura. Unangoja tu siku atakayoanguka. Basi jifunze kubeba kabla hujabebwa, na umsaidie anayekusaidia nyumbani kwake, si kwa makofi tu. Na kama kwenu hakuna kikao kinachowataja watu hawa, simama uwataje wewe, hata kama sauti itatetemeka. Ya Winifred ilitetemeka, na tulimsikia wote.