Bakuli la Kukhu Kageha

Kila Jumamosi Muhonja alifagia ua, akachota maji, kisha akamsaidia mama yake, Ayuma, kupika chakula cha wagonjwa wa kanisa. Mwaka huo wa 1996, kanisa lao karibu na Shianda halikuwa na mchungaji wake. Mchungaji wa eneo zima alifika mara moja tu kwa mwezi. Kazi nyingine zote, kuanzia mahubiri hadi kuwatembelea wagonjwa, zilifanywa na Osundwa, mkata miwa aliyejitolea bila kudai chochote.

Ni Osundwa aliyefunga bakuli la obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, nyuma ya baiskeli, akampelekea Kukhu Kageha, bibi mgonjwa aliyehamia kijijini kutoka Lugari mwezi uliopita.

Jumamosi moja, Muhonja akiokota kuni kando ya shamba la miwa, alimwona Osundwa akisimama hatua chache kabla ya lango la Kukhu. Akatazama huku na huku, akatoweka ndani ya miwa na bakuli. Alipotoka, mikono ilikuwa mitupu naye anajifuta midomo.

Wiki iliyofuata Muhonja alijibanza palepale, akaona mambo yaleyale. Kumbe mhubiri wao alikuwa akila kuku wa mgonjwa! Hasira zilimpanda, akamnong'onezea rafiki yake Mitchel na kumwonya asimwambie mtu. Mitchel akamnong'onezea mama yake kwa onyo hilohilo, na kufikia Jumapili kijiji kizima kilikuwa kimeonywa.

Osundwa aliposimama kuongoza maombi, hakuna aliyefumba macho. Watu walimtazama mdomo. Naye habari zilikuwa zimemfikia, akaweka ufunguo wa kanisa mezani.

"Kama mimi ni mtu wa kula chakula cha mgonjwa, afadhali mwingine ashike kazi hii," alisema kwa sauti ya chini, akatoka nje.

Jumamosi iliyofuata bakuli likakosa mbebaji, Ayuma akamtuma Muhonja. Kukhu Kageha alimpokea akiwa amejilaza kwenye mkeka.

"Mkwe wangu ako wapi leo?" aliuliza.

"Mkwe gani, Kukhu?"

"Osundwa. Ameoa mtoto wa dada yangu, kwa hivyo mimi ni mama mkwe wake. Hawezi kuingia hapa tuonane uso kwa uso, hiyo ni aibu. Anapitianga kwa miwa, anaweka chakula nyuma ya jikoni, anakohoa. Nikisikia ameenda, ndio natoka kuchukua."

"Na chakula huwa kimejaa?"

"Kinanishindanga kumaliza."

Muhonja aliona haya hata akashindwa kuaga vizuri. Alifika nyumbani akilia, akamwambia mama yake kila kitu.

"Kesho utayasema hayo mbele ya wote waliosikia yale ya kwanza," Ayuma alisema. Jioni hiyo akaenda kumsihi Osundwa aje kanisani.

Osundwa alikuja, akaketi benchi la nyuma kama mgeni. Muhonja alisimama, akakiri na kuomba msamaha.

"Midomo nilikuwa nafuta maji ya muwa," Osundwa alisema. "Mkata miwa atatafuna nini kingine?" Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Uliniona mara mbili, mtoto wangu. Ungeniita mara moja tu, ningekuonyesha njia."

Kisha akampa mkono, akaenda mezani na kuuchukua ufunguo.

Wakirudi nyumbani, Ayuma alimwambia bintiye, "Macho yako hayakukosea. Uliyoyaona ni kweli. Yale usiyoyaona ndiyo uliyoyatunga, na hayo ndiyo uliyompelekea Mitchel. Ukimshuku mtu, muulize mwenyewe kwanza."

"Na kama angekuwa mwizi kweli, Mama?"

"Basi angeulizwa akiwa amesimama mbele yetu, apate kujibu. Hata mwizi ana haki hiyo."