Damu ya Fransis Iligoma Kuganda

Tumetoka kumzika mwanangu Fransis, hata viatu sijavua, mume wangu akanirushia begi mlangoni...

"Toka, Anna! Umemla mwanangu!"

"Baba Fransis, nimemla vipi?"

"Wenzake wote wametahiriwa siku ile ile, wako nje wanacheza! Wa kwako tu ndiye katoka damu mpaka imekwisha!"

Mama mkwe akadakia, "Huo mkosi umetoka kwao. Kwetu haupo."

Jamani... nilimfunga mgongoni mdogo wake, Sebastian, bado ananyonya, nikaenda kwa mama yangu kule Tabata.

Mama alinipokea begi. Alilia kwanza, ndipo akasema:

"Mjomba wako Gibson hakufa kwa malaria. Alifia jandoni. Damu ilitoka hivyo hivyo. Tulikatazwa kusema."

"Mama! Na ulijua Fransis anatahiriwa?"

"Nilijua, mwanangu. Nilidhani ni uchawi wa kule kijijini... hauwezi kufika Dar."



Nikampeleka Sebastian hospitali. Majibu ya damu yalipotoka, daktari alisogeza kiti karibu.

"Dada, hakuna aliyeroga. Mwilini kuna maelekezo ya kugandisha damu, yako kwenye jeni. Kwenu yamebadilika. Mabadiliko mengine ya jeni hayadhuru kitu, haya yanadhuru. Mwanamke huyabeba, mara nyingi bila kujua. Mtoto wa kiume akiyarithi, jeraha halifungi."

"Na huyu?"

"Naye anayo."

Kumbe mama mkwe alisema kweli. Ulitoka kwetu... ulipitia kwangu! Kuitwa mchawi hakukuniuma hivyo.

Nikampigia simu mume wangu, Anselmo, nikamweleza yote. Akauliza:

"Akianguka je?"

"Tumkimbize hospitali."

"Na tohara?"

"Mpaka daktari aseme, na dawa ya kugandisha damu iwepo."

Nyie mnaonisoma, kabla ya kumtahiri mtoto, waulizeni wazee: nani kwetu aliwahi kutoka damu isikome? Na nyie wazee, msitufiche. Mie nimezika.

Anselmo ni fundi samani pale Keko. Alikuja kutuchukua. Samahani hakusema. Alipofika nyumbani alitoa msasa, akaanza na meza, akaja kwenye stuli, kabati, mwisho kitanda cha Fransis. Alikisugua huku analia.

Sasa Sebastian ndiye anayelala humo, na nyumba yetu haina kitu chenye kona.