Mishororo Arobaini Nyuma ya Jamu

Soko lenye paa la mjini Oxford lilifurika Jumamosi ile, na Hester Pym, anayetembea macho juu kila anapowaza, akakipiga kumbo kibanda cha jamu. Chupa moja ikaanguka na kupasuka.

"Dada, hiyo umeshainunua," alisema mwenye kibanda, mwanamume mrefu mwenye aproni ya kijani na sweta iliyotoboka kiwiko.

"Samahani. Nilikuwa nahesabu."

"Unahesabu nini, njiwa wa darini?"

"Mishororo."

Hapo kijana alijitakia mwenyewe, maana Hester akianza habari hiyo hanyamazi. Akamweleza kwamba mzee Ambrose Thwaite, aliyekuwa mwalimu hapo mjini, kabla ya vitabu vyake maarufu vya nchi ya kubuni ya Ondrel, alizitunga hadithi zile kwa utenzi, tena ujanani, juu ya karatasi yoyote aliyoiokota. Yeye Hester ndiye anayeuhariri utenzi wa wapenzi Talune na Corvan. Kwenye jalada Thwaite aliandika "mishororo elfu moja", lakini karatasi zinaishia mia tisa na sitini. Karatasi ya mwisho imepotea.

"Kitabuni Corvan anavuka mto wala hatazami nyuma, na Talune anasimama ukingoni mpaka anageuka jiwe. Ila nataka kujua mara ya kwanza ilikuwaje. Aligeuka au hakugeuka? Natafuta mwaka wa tatu huu."

"Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata," alisema kijana. Akamkabidhi chupa nzima yenye namba yake ya simu. "Mimi Merrick. Ukishaila nipigie, uniambie kama inakupunguzia mawazo."

Hester alipiga jioni ileile.

"Imeisha nusu," alisema.

"Na mkate?"

"Mkate wa nini? Nimetumia kijiko."

"Mhariri mzima huna adabu! Nitakupenda mimi, shauri yako."

Merrick alitania, lakini mwezi haukuisha kabla hajampenda kweli, naye akapendwa.

Jumapili moja Hester alikwenda kwake kwa mara ya kwanza, amevaa gauni la buluu na nywele amezibana kwa penseli. Jiko lilinukia machungwa machungu na sukari. Ukutani palikuwa na fremu kuukuu yenye mapishi ya jamu, mwandiko wa Dorcas, mama wa bibi yake Merrick.

"Alikuwa mpishi wa mwalimu mmoja hapa mjini," Merrick alisema. "Jina silikumbuki. Ngoja nikalete maziwa."

Jua la dirishani lilikuwa limeipiga karatasi ile. Nyuma ya maneno ya Dorcas Hester aliona wino mwingine, na pembeni, kinyumenyume, namba 961. Karatasi zake ziliishia 960. Mikono ilitangulia akili: aliishusha fremu, akang'oa vijisumari na kuigeuza karatasi. Alikwisha soma mishororo sita Merrick aliposimama mlangoni na chupa ya maziwa.

"Kumbe ndicho ulichokijia."

"Merrick, naapa sikujua mpaka sasa hivi!"

"Ungeniomba ningekupa. Siku zote hizo nilidhani unanitafuta mimi." Akaiweka chupa mezani taratibu. "Nenda, Hester."

Nami simtetei. Kitu cha watu huombwa, hata kama umekitafuta miaka mitatu. Hester mwenyewe alilijua hilo kabla hajafika njiani, akalia barabara nzima, koti mkononi.

Alipiga simu, haikupokewa. Aliandika barua, haikujibiwa. Wiki zikapita na kitabu kikawa kinasubiriwa na wachapaji. Ile mishororo sita alikuwa nayo kichwani, na mtu yeyote wa kazi yake angeichapa na kupata sifa. Aliiandika kwa penseli, akaitazama asubuhi nzima, halafu akaifuta. Mahali pake aliacha ukurasa mtupu wenye namba tu, 961 hadi 1000. Nakala ya kwanza ya majaribio aliipeleka kwa Merrick bila neno.

Siku ya nne simu ikalia.

"Umeacha ukurasa mtupu," alisema Merrick.

"Si wangu."

"Lakini ulisoma sita. Umeisahau?"

"Naikumbuka yote, na inanitesa."

"Njoo sokoni, mpenzi."

Alimkuta kibandani, fremu mkononi. Sasa ilikuwa na kioo pande zote mbili, huku jamu, huku utenzi.

"Soma. Mimi nimesoma mpaka nimewachosha wateja."

Hester alisoma. Corvan aliingia mtoni, maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, na mshororo baada ya mshororo hakutazama nyuma.

"Amegeuka," Hester alisema, machozi yakimtoka. "Kwenye ule wa mwisho kabisa. Amegeuka!"

"Mkaidi kama mimi," alisema Merrick. "Iandike, ujaze ukurasa wako. Ila fremu yenyewe sasa ina tatizo. Nikiitundika ukutani, upande mmoja unafichika. Inataka dirisha pana, na nimeona nyumba yenye dirisha hilo jikoni. Lakini ni ya watu wawili."

"Merrick Dace, unaniposa mbele ya wauza samaki?"

"Naposa. Jibu kabla sijageuka jiwe."

"Mjibu, dada, wateja wanangoja!" alipaza sauti muuza samaki wa jirani.

Hester alimrudishia fremu kwa mikono miwili.

"Ndiyo," alisema. "Lakini misumari utapiga wewe."