Bakuli la Doria

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwanasaumu alimpelekea Doria ukoko wa ugali na maji. Doria alikuwa mbwa wao wa shamba huko Junda, Kisauni, na bila yeye nguruwe mwitu wangeuvuna muhogo kabla ya wenyewe. Usiku alifunguliwa alinde. Mchana alifungwa kamba kando ya ghala la mahindi, maana nyumbani hakuruhusiwa hata kuchungulia.

Bakuli lake la bati halikuoshwa hata siku moja. Mwanasaumu alifundishwa katika chuo cha Kurani kwamba chombo alicholamba mbwa ni najisi, huoshwa mara saba, moja yake kwa mchanga. Sasa nani, alijiuliza, ajitaabishe hivyo kwa chombo ambacho mbwa atakilamba tena papo hapo? Basi akawa anaongeza maji juu ya yale ya jana, hata bakuli likaota utelezi, na panya wa ghalani wakaligeuza lao.

Msimu wa mvua, mwaka mmoja kabla ya uhuru, Doria alikataa chakula. Alitapika, akajikunyata, macho yakawa manjano kama bizari. Mwanasaumu alimbembeleza kwa vipande vya samaki, wapi. Kilichomuuma zaidi ni jinsi mbwa alivyomtazama yeye, kana kwamba dawa anayo, naye hana lolote. Alilia mpaka kope zikavimba. Nguruwe nao hawakungoja. Kulipokucha, matuta ya muhogo yalikuwa yamefukuliwa.

Baba yake, Mzee Mbwana, alimleta daktari wa mifugo, Bwana Nguma. Alimdunga Doria sindano, kisha akaliinamia bakuli na kuuliza nani humnywesha.

"Ni mimi," Mwanasaumu alijibu.

Daktari akaeleza kwamba mkojo wa panya hubeba vijidudu vya maradhi. Vikiingia majini, huharibu ini na figo za mbwa, na hata mtu huweza kuambukizwa. Aliagiza bakuli lioshwe kwa sabuni, maji yamwagwe na kutiwa mengine kila siku, na panya wafukuzwe ghalani.

"Atapona?"

"Sijui, mwanangu. Mmechelewa kuniita."

Daktari alirudi mara kadhaa na sindano zake. Wao walingoja tu, na kungoja kulikuwa kuzito kuliko kazi yoyote. Hatimaye Doria aliinuka, miguu ikitetemeka, akanywa. Mzee Mbwana, aliyekwisha kuelezwa na bintiye kwa nini bakuli halikuoshwa, akamwita.

"Abee, baba."

"Dini imetuamrisha tukioshe chombo alicholamba mbwa. Wewe umeifanya amri hiyo kuwa sababu ya kutokiosha kabisa. Huyu tumemfunga kamba, mwanangu. Hawezi kwenda kujitafutia maji mengine. Akinywa uchafu, umemnywesha wewe."